Kutua kwenye kiwanja kifupi magharibi mwa Kenya: hesabu kwanza, mheshimiwa baadaye

Kisumu na Eldoret zina njia za kurukia zenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu. Ndege ndogo ya viti vinne ikitua hapo hutumia kipande tu, halafu rubani huiendesha ardhini mpaka achoke. Shida huanza abiria anaposema, "Kapteni, lakini hata kwetu kuna kiwanja." Kwetu huko ni nyasi zilizofyekwa pembeni mwa shamba la miwa, au changarawe nyuma ya shule ya upili, au kiwanja cha shamba la chai kilichochongwa ubavuni mwa kilima. Hapo ndipo rubani hulazimika kuamua, na wengi huamua wakiwa wamechelewa, tayari wako hewani na nyumba za mabati zinapita chini ya magurudumu.

Haya ni kwa rubani mwenye leseni. Hayachukui nafasi ya kitabu cha ndege yako wala ya mwalimu wako. Mfano wangu ni Cessna 172S, ndege ya injini moja na viti vinne, kwa kuwa ni ndege ambayo wengi wetu tumekalia kiti chake, na tarakimu zake ziko wazi.

1. Anza na kuondoka

Swali la kwanza si kama utatua salama. Ni kama utaweza kutoka. Ndege nyingi ndogo huhitaji nafasi kubwa zaidi kuruka kuliko kutua. Kitabu cha 172S kinasema kwamba ikiwa na uzito kamili, usawa wa bahari, kwenye lami, bila upepo, kutua kwa kupitia juu ya kizuizi cha futi 50 kunahitaji kama mita 407. Kuruka na kuvuka kizuizi hicho hicho kunahitaji kama mita 497. Ukipanda milimani pengo hilo linapanuka, kwa sababu injini inakosa hewa na propela nayo inakosa ya kushika. Kwa hiyo unaweza kutua vizuri kabisa mahali ambapo huwezi kutoka.

Tarehe 24 Januari 2003 ndege ya injini mbili iliyobeba mawaziri iligonga nyaya za umeme ilipokuwa ikiruka kutoka kiwanja cha Busia. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, na marubani wote wawili walifariki. Kufika walikuwa wamefika salama. Ilikuwa ndege kubwa kuliko yetu, lakini ukiwa Busia au popote penye nguzo za umeme karibu na kiwanja, tazama upande wa kuondokea kabla ya kutazama upande wa kutulia.

2. Tafuta habari za kiwanja kwa mtu aliyesimama juu yake leo

Ramani na chapisho rasmi la viwanja vitakupa urefu, mwinuko na mwelekeo. Havitakwambia kwamba mvua ya jana imeacha dimbwi katikati, au kwamba tangu mwaka jana kuna mlingoti wa simu. Pigia mtu: mwangalizi wa kiwanja, meneja wa shamba, au mwalimu wa shule jirani. Kama kiwanja ni cha mtu binafsi, ruhusa yake utaihitaji vilevile.

Ukimpigia, usimuulize kama kiwanja "kiko sawa". Kila mtu atakwambia kiko sawa, hasa kama mgeni anayeletwa ni mkubwa. Uliza maswali yasiyo na heshima ndani yake:

- Nyasi zinafika wapi, chini ya kifundo cha mguu au juu yake?
- Probox inaweza kukimbia kilomita 60 kwa saa toka mwanzo hadi mwisho bila kurusha abiria?
- Ukikanyaga kwa kisigino, udongo unabonyea?
- Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, na maji yalisimama wapi?
- Miti, nyaya na nyumba zilizo mwanzoni na mwishoni zina urefu gani ukilinganisha na nguzo ya umeme?

Mwombe atembee katikati ya njia toka mwisho mmoja hadi mwingine, simu yake ikipima umbali, kisha akutumie picha kwa WhatsApp akiwa amesimama kila mwisho. Picha ya miguu yake kwenye nyasi ina maana zaidi kuliko maelezo ya dakika kumi. Pima pia kwa picha za satelaiti, ukikumbuka kwamba picha hizo huenda ni za miaka iliyopita na kiwanja kimeliwa na mahindi pande zote mbili.

Udongo mweusi wa tambarare ya Kano ni habari ya peke yake. Ukiwa mkavu ni mgumu kama sakafu. Ukilowa, unajibandika kwenye gurudumu na kujaza vifuniko vyake mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Kama unaruka sana upande ule msimu wa masika, vua vifuniko hivyo na uviache hangani.

3. Fanya hesabu kwa kalamu

Watu huuliza, kiwanja kifupi ni mita ngapi? Hakuna jibu. Kuna urefu ulioandikwa, na kuna urefu unaobaki baada ya mwinuko, joto, nyasi, mteremko na upepo kuchukua kila kimoja fungu lake. Huo unaobaki ndio kiwanja chako cha siku hiyo.

Joto kwanza. Hewa ya kawaida ina nyuzi 15 kwenye usawa wa bahari na hupungua nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Kisumu iko karibu futi 3,800, kwa hiyo hewa ya kawaida hapo ingekuwa nyuzi 7 na kitu. Mchana wa nyuzi 30 ni zaidi ya nyuzi 22 juu ya kawaida. Zidisha tofauti hiyo kwa 120, ongeza kwenye mwinuko, na ndege yako itajiona iko futi 6,500. Kitale, ambayo tayari iko juu ya futi 6,000, mchana wa nyuzi 26 ndege hudhani iko karibu futi 8,800. Ubaridi wa Kitale unakudanganya. Wewe umevaa koti, injini inahema.

Kitabu cha ndege kikiwa na majedwali ya mwinuko na joto, anza na hayo. Pembeni yake mimi huweka viwango ambavyo mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imewashauri marubani wa ndege ndogo kwa miaka mingi, kisha nachukua jibu lililo kubwa zaidi. Viwango vyenyewe ni hivi. Kwa kutua, ongeza asilimia 5 kwa kila futi 1,000 za mwinuko na asilimia 5 kwa kila nyuzi 10 za joto lililozidi, asilimia 15 kwa nyasi kavu, 35 kwa nyasi zilizolowa, na 10 kwa mteremko wa asilimia 2 ukitua kuelekea chini. Mwishoni zidisha jumla kwa 1.43, hiyo ni akiba. Kwa kuruka, ongeza asilimia 10 kwa kila futi 1,000, asilimia 10 kwa kila nyuzi 10, asilimia 20 kwa nyasi kavu, 30 kwa zilizolowa, 10 ukiruka kupanda mteremko wa asilimia 2, kisha zidisha kwa 1.33. Udongo laini huongeza robo nzima au zaidi, kote kuwili.

Tuchukue kiwanja cha mfano: nyasi, mita 1,000, futi 5,500, mchana wa nyuzi 27, hakuna upepo, ndege imejaa. Mwinuko kama huo utaupata ukitoka Kakamega kuelekea Nandi. Hewa ya kawaida hapo ni nyuzi 4, kwa hiyo joto limezidi kwa 23.

Kutua: 407 × 1.275 (mwinuko) × 1.115 (joto) × 1.15 (nyasi kavu) ni kama mita 665. Weka akiba ya 1.43, inakuwa 951. Inaingia, kwa kubana.

Nyasi zikilowa: badala ya 1.15 weka 1.35. Jibu na akiba yake ni mita 1,117. Haiingii. Manyunyu ya asubuhi moja yamekifunga kiwanja, na hakuna mtu aliyekuja kuweka kibao.

Sasa kuruka kwenye nyasi kavu: 497 × 1.55 × 1.23 × 1.20 ni kama mita 1,137, na bado akiba. Ukiiweka, unahitaji mita 1,512 kwenye kiwanja cha 1,000. Yaani hata kama ungetua vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kutua pale, mchana huo hutoki ukiwa umejaa.

Hapa wengi huvunjika moyo na kuacha. Usiache, endelea kucheza na hesabu. Uzito ukipungua kwa karibu asilimia 10, umbali wa kuruka hupungua kwa karibu asilimia 17. Rudia punguzo hilo tena, yaani rubani, abiria mmoja na mafuta ya saa mbili hivi, na uondoke alfajiri nyuzi zikiwa 16. Hesabu inashuka mpaka mita 956 pamoja na akiba. Kwa hiyo kiwanja kile kile kinafaa, lakini kwa safari ya aina nyingine: mtu mmoja mmoja, alfajiri, nyasi kavu, mafuta ya kufika Kisumu na akiba ya kisheria. Kama abiria ni watatu na wana masanduku, tua Kisumu na waite gari.

4. Upepo, na saa ya kufika

Kitabu cha 172S kinakupunguzia asilimia 10 ya umbali kwa kila noti 9 (maili za baharini kwa saa) za upepo wa mbele. Upepo wa mgongoni unakuongezea asilimia 10 kwa kila noti 2. Soma tena hizo mbili. Noti 5 mgongoni, ambazo shingoni mwako ungeziita kaupepo, zinakula robo ya ziada.

Kandokando ya ziwa, asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, na mchana hugeuka ukatoka ziwani. Kiwanja cha visiwani au cha pwani ya Homa Bay ulichokitua vizuri saa mbili asubuhi kwa mwelekeo mmoja, saa tisa mchana kitakutaka utokee upande wa pili, na upande wa pili pengine ndiko kilima kiliko. Mchana huohuo mawingu hujijenga juu ya Nandi na Kericho, ambako mvua ya mawe si ajabu, na jioni dhoruba husukumwa kuelekea ziwani. Upepo unaotangulia mvua hufika kabla ya tone la kwanza na unaweza kugeuka mzima ukiwa kwenye mkondo wa mwisho wa kutua. Mimi napanga viwanja vifupi kabla ya saa nne asubuhi. Nikishindwa kufika saa hiyo, naviahirisha, na wanaonijua hawanibembelezi.

Viwanja vingi vya aina hii havina taa. Karibu na ikweta giza huingia haraka, kwa hiyo usihesabu mwanga wa baada ya jua kutua.

5. Mwambie abiria kabla hajapanda

Huku kwetu kiwanja kifupi mara nyingi huja na mazishi ya Jumamosi. Hema limefungwa, askofu ameanza, mheshimiwa amepangiwa kuzungumza saa tano, na katika kiti cha nyuma kuna mtu anayetazama saa yake kila dakika mbili. Shinikizo hilo ni kubwa kuliko upepo wowote, na halina kipimo kwenye dashibodi.

Dawa yake ni kuongea mapema, mkiwa bado chini na chai mkononi. Kwa adabu, lakini bila kuacha mlango wazi: "Mheshimiwa, nitapita juu nikitazame. Kama kuna ng'ombe, maji au upepo mbaya, tunakwenda Kisumu, na gari liko tayari hapo. Hilo nitaamua mimi, na sitaweza kulijadili tukiwa juu." Mtu mzima ataelewa. Asiyeelewa amekuonyesha mapema jinsi atakavyokuwa mkiwa futi 500.

Lile gari la Kisumu liwe la kweli, na dereva awe ameshapigiwa. Kiwanja mbadala kisicho na usafiri ni jina tu, na rubani atajikuta anashawishika kutua pabaya ili asiwaache watu njiani.

Mwambie pia mwenyeji aweke watu wa kuzuia umati. Watoto watakimbilia ndege kabla propela haijasimama. Injini izimwe mara tu ndege inaposimama, hata kama uliahidi kuwashusha watu haraka.

6. Pita juu kwanza

Usitue moja kwa moja kwenye kiwanja kisicho na uzio. Pita sambamba nacho, pembeni kidogo ili ukione kupitia dirisha lako, kwa urefu ambao ungeweza kuruka nao bila wasiwasi injini ikikohoa. Unatafuta wanyama (kule Naishi, ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru, wanaweza kuwa nyati), wavulana wanaocheza mpira, bodaboda inayokata njia, mahindi yaliyoanikwa. Tafuta nguzo badala ya nyaya, kwa kuwa waya hauonekani. Ukiona nguzo mbili, jua kuna waya katikati yake.

Upime urefu kwa saa. Zidisha sekunde ulizotumia kupita toka mwisho hadi mwisho kwa nusu ya mwendo wako wa ardhini kwa noti. Mwendo wa noti 90, sekunde 22, ni kama mita 990. Mwendo uwe ule wa GPS, si ule wa kwenye saa ya mwendo wa hewani.

Kabla hujaondoka juu ya kiwanja, chagua kitu kinachoonekana kwenye theluthi ya kwanza ya njia: mti, jiwe lililopakwa chokaa, kona ya ua. Huo ndio mstari. Magurudumu yasipokuwa chini, imara, kabla ya mstari huo, unarudi hewani. Useme kwa sauti, hata ukiwa peke yako.

Kiwanja kilichopanda mlima upande mmoja kina mstari wa pili, ulio mbali kabla ya kizingiti (mwanzo wa njia), kabla hata ya kuanza kushuka sana. Ukiuvuka huo huwezi tena kurudi hewani, kwa sababu kilima kinapanda upesi kuliko ndege yako. Kama huna hakika mstari huo uko wapi, kiwanja hicho si chako leo. Nenda siku nyingine na mtu anayekijua.

7. Mkondo wa mwisho

Kwa 172S mwendo wa kutua pafupi ni noti 61, flapu (vibawa vya kushushwa nyuma ya mabawa) zote zikiwa chini. Mwinuko haubadilishi tarakimu hiyo kwenye saa ya mwendo. Unachobadilisha ni mwendo wa kweli: ndege inapojiona iko futi 8,000 na zaidi, noti 61 za kwenye saa ni karibu noti 70 ardhini. Macho yatapiga kelele kwamba unakwenda kasi. Usiyasikilize ukavuta pua juu, maana hivyo ndivyo mabawa huacha kubeba. Tazama saa ya mwendo.

Lakini pia usibebe ziada "ya usalama". Mwendo ukizidi kwa asilimia 10, umbali wa kusimama huzidi kwa karibu asilimia 21. Na kila sekunde unayoelea juu ya nyasi ukisubiri ndege ikubali kukaa inakula mita 30 na zaidi. Kufika kizingitini ukiwa juu kwa futi 10 kuliko ulivyokusudia, kwa mteremko wa kawaida, kunakusogeza mbele mita 60 hivi.

Njia nyembamba, au inayopanda, hukufanya ujione uko juu, kwa hiyo utashuka chini mno bila kujua na kukutana na miti. Inayoteremka hufanya kinyume.

Mchanganyiko wa mafuta na hewa uurekebishe kulingana na mwinuko wa kiwanja kabla ya kushuka. Aliyezoea Mombasa husukuma kishikio chekundu mbele kabisa kwa mazoea. Ukifanya hivyo futi 6,000, siku utakapotaka kurudi hewani injini itakupa nguvu pungufu kuliko iliyo nayo. Ukirudi: nguvu zote, pua isawazishwe, flapu zipandishwe mara moja mpaka nyuzi 20, kisha zilizobaki kidogo kidogo ndege ikianza kupanda.

8. Magurudumu yakigusa

Pandisha flapu ili uzito ukae kwenye magurudumu, vuta usukani nyuma, shika breki kwa nguvu bila kuyafunga magurudumu. Kwenye nyasi zilizolowa breki hazina kazi kubwa, na hesabu ya hatua ya tatu ilikwishakwambia hivyo.

Ukishaanza kufunga breki, usibadili nia. Kuingia kwenye miwa kwa noti 15 kutavunja propela na kukupa barua nyingi za kuandika. Kugonga miti kwa noti 55 ukijaribu kuruka tena ni jambo lingine kabisa.

9. Kabla ya kuruka tena

Itembee njia yote kwa miguu. Sasa una nafasi ya kuona mashimo ambayo mwenyeji hakuyataja. Weka alama katikati kabisa, jiwe au kijana wa kuaminika aliyesimama pembeni. Ukifika hapo uwe umefikia asilimia 70 ya mwendo wa kunyanyukia. Kama ndege yako hunyanyuka kwenye noti 55, basi katikati uwe na 38 au 39. Pungufu ya hapo, funga nguvu na usimame.

Rudia hesabu kwa joto la saa hiyo, si la asubuhi. Mazishi huchelewa, na saa nane mchana hewa si ile uliyotulia. Ikikataa, mwachie mheshimiwa gari, mafuta ya ziada yatolewe kwenye ndege na kutiwa kwenye mitungi safi, ulale kwa mwenyeji, na uondoke peke yako kukicha. Waambie Kisumu kwa simu kwamba ndege iko salama, ili mtu asianze kukutafuta.